Chembe za nano: Kuingia ndani ya seli ni rahisi, kutoka ndiyo kazi

CHANJO za UVIKO-19 za Pfizer-BioNTech na Moderna, zilizoanza kutumika Desemba 2020 na baadaye kufika pia Afrika Mashariki, zilibeba mzigo wake ndani ya vitufe vya mafuta ambavyo kipenyo chake ni takriban nanomita 100. Mzigo wenyewe, yaani mRNA, ulizungumzwa mno katika vyombo vya habari, na mwaka 2023 Katalin Karikó na Drew Weissman walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa utafiti wao juu yake. Kitufe kilichoubeba hakikusemwa sana, ilhali bila kitufe hicho mRNA isingefika popote. Ingekatwakatwa na vimeng'enya vya mwilini kabla ya kufanya kazi yoyote.

Vitufe hivyo ni aina mojawapo ya vitu ambavyo wanasayansi huviita chembe za nano. Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unywele wa binadamu una unene wa nanomita 80,000 hivi, na chembe nyekundu ya damu ina upana wa nanomita 7,000 hadi 8,000. Kwa kawaida jina la chembe za nano hupewa vitu vyenye ukubwa wa kati ya nanomita 1 na 100, ingawa katika tiba mpaka huo hauzingatiwi sana. Ziko zinazotengenezwa kwa makusudi, kama vile za dhahabu, fedha, oksidi ya chuma, plastiki na mafuta. Ziko pia zinazozaliwa bila kukusudiwa, katika moshi wa dizeli, wa kuni na wa taka zinazochomwa.

Ziwe dawa au ziwe sumu, zote hukabiliwa na jambo lile lile zinapofika kwenye seli: namna ya kuingia na, zikishaingia, namna ya kutoka. Kuhusu kuingia, mengi yamekwisha kufahamika. Kutoka ndiko kunakowasumbua watengenezaji wa dawa na wachunguzi wa sumu hadi leo.

UTANDO USIOPENYEKA KWA URAHISI

Seli hai imezungukwa na utando wenye unene wa nanomita 5 hivi. Utando huo ni tabaka mbili za molekuli za mafuta, mikia yake ikiwa imeelekeana ndani na vichwa vikitazama maji yaliyo pande zote mbili. Protini zimepachikwa humo zikielea huku na huku. Maelezo hayo yalitolewa mwaka 1972 na Wamarekani wawili, S. J. Singer na Garth Nicolson, na yamedumu kwa sehemu kubwa.

Oksijeni hupenya utando huo bila taabu. Maji na chumvi vina milango yake ya protini. Lakini chembe yenye kipenyo cha nanomita 50 ni kubwa mara kumi kuliko unene wa utando wenyewe, na haina mlango wowote ulioandaliwa kwa ajili yake. Ili iingie, kwa kawaida seli haina budi kuimeza.

Kwamba seli humeza lilikuwa jambo geni hadi mwaka 1882, pale Mrusi Élie Metchnikoff, akiwa Messina katika kisiwa cha Sicily, alipochoma mwiba ndani ya buu la kiti cha pweza na kukuta seli za mnyama huyo zimeuzunguka mwiba huo. Alihitimisha kwamba ziko seli ambazo kazi yake ni kula wavamizi. Ugunduzi huo ulimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1908, akigawana na Mjerumani Paul Ehrlich.

Namna seli za kawaida, zile zisizo walinzi, zinavyomeza vitu vidogo zaidi ilionekana baadaye sana, na mtoaji wa ushahidi alikuwa mbu. Mwaka 1964 Thomas Roth na Keith Porter wa Marekani walitazama kwa hadubini ya elektroni mayai machanga ya mbu aina ya Aedes aegypti, yule anayeeneza homa ya manjano na kidingapopo. Mbu jike akishanyonya damu, mayai yake hufyonza protini za kiini cha yai kwa kasi kubwa. Watafiti hao waliona utando wa yai ukibonyea na kufanya vishimo, vishimo vikawa vifuko, na vifuko vikamezwa ndani pamoja na protini zilizonaswa humo. Mwaka 1976 Barbara Pearse wa Cambridge, Uingereza, aliipa jina la klathrini protini inayovifunika vifuko hivyo kwa nje. Klathrini hujipanga katika pembe tano na pembe sita, mfano wa vipande vya ngozi vilivyoshonwa kwenye mpira wa miguu.

Hiyo ndiyo njia kuu ambayo chembe nyingi za nano huitumia. Chembe hunata kwenye protini za juu ya seli zinazoitwa vipokezi. Utando hubonyea chini yake, klathrini huusaidia kujikunja, kisha protini nyingine hukaza shingo ya kifuko hadi kikatike na kubaki ndani. Zipo njia nyingine pia. Seli huweza kugugumia mafunda makubwa ya majimaji ya nje pamoja na chochote kilichomo, na makrofaji, ambazo ni seli za ulinzi za aina ile aliyoizungumzia Metchnikoff, humeza hata bakteria mzima.

Kwamba kazi hii inagharimu nguvu huthibitishwa kwa jaribio rahisi linalofanyika katika maabara nyingi: seli hupozwa hadi nyuzi 4 za Selsiasi. Katika baridi hiyo chembe hunata juu ya seli lakini karibu zote hubaki nje. Zikirudishiwa joto la mwili, umezaji huanza tena.

Ukubwa wa chembe nao una uzito wake. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto, Canada, waliziweka chembe za dhahabu za nanomita 14 hadi 100 pamoja na seli za HeLa, zilizotokana na saratani ya Henrietta Lacks, Mmarekani mweusi aliyefariki mwaka 1951. Chembe za nanomita 50 zilimezwa kwa wingi kuliko ndogo na kuliko kubwa, na za mviringo zilimezwa kuliko zilizorefuka kama fimbo. Maelezo yake yanaeleweka. Chembe ndogo mno hushika vipokezi vichache visivyotosha kuukunja utando, na kubwa mno huhitaji vipokezi vingi kiasi kwamba seli huishiwa. Ukubwa huo wa kati haupishani sana na ule wa virusi vingi, jambo ambalo pengine si la bahati tu.

VAZI LINALOVALIWA NJIANI

Ingekuwa kosa kudhani kwamba seli hukutana na chembe ikiwa vile vile ilivyotoka kiwandani. Mara chembe inapoingia kwenye damu, protini za damu huikimbilia na kuifunika. Watafiti wa Dublin na Lund waliliita vazi hilo taji la protini katika maandishi yao ya mwaka 2007, na tangu hapo imekubalika kwamba seli hulitambua vazi kabla ya mwili uliovikwa. Chembe mbili zilizotengenezwa kwa nyenzo moja zinaweza kupokewa tofauti kwa sababu tu moja imepita kwenye damu na nyingine kwenye mapafu.

Mara chache vazi hilo huwa neema. Dawa ya patisiran, iliyoidhinishwa Marekani Agosti 2018 kwa ugonjwa wa kurithi ambapo protini mbovu kutoka kwenye ini hujikusanya katika neva na moyo, hubebwa katika vitufe vya mafuta vinavyofanana na vya chanjo. Vitufe hivyo vikiwa katika damu huvikwa protini iitwayo ApoE, ambayo kazi yake ya kila siku ni kusafirisha mafuta. Seli za ini zina vipokezi vinavyoitambua ApoE, kikiwemo kile cha kolesteroli kilichowapatia Michael Brown na Joseph Goldstein Tuzo ya Nobel mwaka 1985. Kwa hiyo ini humeza dawa likidhani limeletewa mafuta. Ndiyo sababu kuifikisha dawa ya aina hii kwenye ini kuna wepesi, na kuifikisha kwenye ubongo au misuli bado ni kazi ngumu.

NDANI YA KIFUKO

Chembe ikishamezwa, msomaji anaweza kufikiri kwamba imefika. Haijafika. Ipo ndani ya seli kwa maana ya mahali tu, kwani bado imezungukwa na kipande cha utando kilichokatika pamoja nayo. Ute wa seli, ambamo mitambo ya kutengeneza protini inafanya kazi, uko upande wa pili wa kipande hicho.

Na safari ya kifuko hicho huelekea pabaya. Seli hukisukumia tindikali kidogo kidogo. Damu ina kipimo cha pH cha 7.4, kifuko kichanga hushuka hadi karibu 6, na mwishowe huungana na laisosomu, mfuko wa kusagia taka wenye pH ya 4.5 hadi 5 uliojaa vimeng'enya. Mgunduzi wa laisosomu alikuwa Mbelgiji Christian de Duve, mwaka 1955. Humo mRNA husagwa. Dhahabu na plastiki havisagiki, vinakaa tu. Fedha huyeyuka taratibu ikitoa ayoni zenye sumu, na hiyo ni sababu mojawapo ya chembe za fedha kuwa hatari kwa seli iliyozimeza.

Wataalamu wa vitufe vya mafuta, akiwemo Pieter Cullis wa Vancouver, Canada, walitafuta njia ya kuigeuza tindikali hiyo iwe msaada. Walitumia mafuta ambayo katika damu hayana chaji yoyote, hivyo hayasumbui tando za seli, lakini yakifika kwenye tindikali hupata chaji chanya. Chaji hiyo huyavutia kwenye utando wa kifuko wenye chaji hasi, mpangilio wa tabaka mbili huvurugika, na tundu hupatikana ambamo mzigo unaweza kuponyoka.

Unaponyoka kiasi gani? Mwaka 2013 kundi la Marino Zerial wa Dresden, Ujerumani, lilifunga vipande vidogo vya dhahabu kwenye RNA iliyobebwa na vitufe vya namna hiyo, kisha likavihesabu kwa hadubini ya elektroni katika seli za maabara na katika ini la panya. Iliyofika kwenye ute wa seli ilikuwa asilimia 1 hadi 2 tu ya iliyomezwa. Yaani katika kila vipande 100 vilivyopokewa, 98 au zaidi havikuvuka utando wa kifuko. Dawa inafanya kazi kwa sababu hao wachache wanatosha, lakini idadi hiyo ndiyo inayoamua dozi iwe kubwa kiasi gani, na kwa hiyo bei na madhara ya pembeni pia.

Hapa inafaa kuongeza jambo ambalo lilizusha maneno mengi wakati wa kampeni za chanjo. mRNA iliyoponyoka haihitaji kwenda kwenye kiini cha seli, mahali ambapo vinasaba huhifadhiwa, kwa kuwa mitambo inayoisoma iko kwenye ute. Kiini kina utando wake na matundu yake yenye masharti. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2002 yalionyesha kwamba dhahabu ya hadi nanomita 39 inaweza kupita katika matundu hayo, tena pale tu inapovikwa protini zenye alama ya kuruhusiwa. Kitufe kizima cha chanjo hakina alama hiyo wala hakienei.

MLANGO WA NYUMA

Mwaka huo huo wa 2013, watafiti wa taasisi ya MIT, Marekani, walieleza upotevu mwingine. Waligundua kwamba karibu asilimia 70 ya RNA iliyomezwa na seli hutupwa nje tena. Vifuko vilivyoibeba hurudi kwenye ukingo wa seli, huungana na utando na kumwaga kilichomo. Seli hufanya hivyo kila siku kwa shughuli zake yenyewe, kwani utando unaomezwa lazima urudishwe, la sivyo seli ingejila ikaisha.

Protini mojawapo inayohusika katika utupaji huo inaitwa NPC1. Seli zilizokosa NPC1 zilibaki na mzigo mwingi zaidi na dawa ikafanya kazi vizuri zaidi ndani yake. Lakini kuizuia si jambo la mzaha. Watoto wanaozaliwa na NPC1 mbovu hupata maradhi ya Niemann-Pick aina ya C, ambapo kolesteroli hujazana katika laisosomu na neva huharibika. Isitoshe, mwaka 2011 ilibainika kwamba NPC1 ndiyo protini ambayo kirusi cha Ebola, kinachojulikana vyema Kongo na Uganda, hukishika ndani ya kifuko ili kiponyoke na kuingia kwenye ute. Mlango ambao watengenezaji wa dawa wanautafuta, kirusi hicho kinao tayari.

Yapo maradhi machache ambayo kubaki kifukoni ndiko kunakotakiwa. Vimelea vya kala-azar, ugonjwa unaowasumbua wakazi wa Baringo, Turkana na Marsabit nchini Kenya na wa Karamoja nchini Uganda, mbali na Sudan, Sudan Kusini na Ethiopia, huishi na kuzaliana ndani ya vifuko vya makrofaji, pale pale ambapo vingetarajiwa kusagwa. Dawa ya amphotericin B ikifungwa ndani ya vitufe vya mafuta, makrofaji za ini, wengu na uboho huvimeza vitufe hivyo kama taka nyingine zozote, na dawa hufikishwa kwenye seli zile zile zilizowahifadhi vimelea. Dawa hiyo hutumika hasa kwa wagonjwa walio hoi, wajawazito na wanaoishi na VVU. Aliyegundua vitufe vya aina hiyo, Mwingereza Alec Bangham, alikuwa miaka ya 1960 akichunguza tu tabia za mafuta kwenye maji.

Chuma nacho hakina tabu. Ferumoxytol, chembe za oksidi ya chuma zilizoidhinishwa Marekani mwaka 2009 kwa upungufu wa damu kwa wagonjwa wa figo, humezwa na makrofaji, huyeyushwa, na chuma chake hutumika kutengeneza damu mpya.

ZISIZOTOKA

Hali ni nyingine kwa vitu visivyosagika. Watafiti wa Dublin walifuatilia chembe za plastiki aina ya polistirini katika seli za mapafu zinazokuzwa maabara, na mwaka 2012 wakaripoti kwamba chembe hizo hazikutolewa nje kwa kiwango cha kupimika. Kilichozipunguza ni kugawanyika kwa seli: mama akijigawa, kila binti hurithi takriban nusu ya mzigo. Katika chupa ya maabara hilo huonekana kama kupungua. Katika mwili wa binadamu, ambamo seli za ubongo na za misuli ya moyo hazigawanyiki au hugawanyika kwa nadra mno, faraja hiyo haipo.

Si kila chembe hufuata njia hiyo moja. Chithrani na Chan, wale wale wa Toronto, walionyesha mwaka 2007 kwamba chembe za dhahabu zilizovikwa protini ya transferini hutoka, na ndogo hutoka haraka kuliko kubwa. Nyenzo, vazi na aina ya seli vyote hubadili jibu, na ndiyo maana matokeo ya maabara moja hayahamishiki ovyo kwenda kwa chembe nyingine.

Katika mapafu mwili una njia ya kutoka ya namna yake. Makrofaji iliyomeza masizi haiyatemi. Inatambaa yenyewe hadi kwenye njia ya hewa yenye ute na vinyweleo, inasukumwa juu mpaka kooni, na inamezwa tumboni. Njia hiyo ina kikomo. Mwaka 2006 madaktari wa Leicester, Uingereza, walitoa makrofaji katika njia za hewa za watoto wenye afya na kuona kwamba kadiri kaboni ilivyokuwa nyingi ndani ya seli, ndivyo uwezo wa mapafu ulivyokuwa mdogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kutoka Malawi ulihusisha moshi wa majumbani na wingi wa chembe ndani ya makrofaji za mapafu, habari inayozihusu jiko la kuni na kibatari popote vilipo. Masizi madogo zaidi huvuka mapafu kabisa: mwaka 2019 wanasayansi wa Hasselt, Ubelgiji, waliripoti kuikuta kaboni ya moshi katika kondo la nyuma, upande wa mtoto.

Chembe ikiwa ndefu kuliko seli, hata kumezwa hakukamiliki. Makrofaji huanza kuufunika unyuzi wa asbesto wenye urefu wa zaidi ya nanomita 15,000 hadi 20,000, hushindwa kufunga kinywa, na hubaki ikimwaga kemikali zake kwenye nyama ya jirani mwaka baada ya mwaka. Mwaka 2008 watafiti wa Edinburgh waliona uvimbe wa namna ile ile kwa panya waliodungwa mirija mirefu ya kaboni ya nano. Mirija mifupi au iliyojisokota haikuwa na athari hiyo.

Suala la kujilimbikiza lilifika hadi kwenye peremende. Mei 2021 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilitangaza kwamba titani dioksidi, rangi nyeupe ya vyakula iliyojulikana kama E171 na ambayo sehemu yake ni chembe za nano, haiwezi tena kuhesabiwa kuwa salama, kwani uwezekano wa kudhuru vinasaba haukuweza kukanushwa na chembe zake, ingawa hufyonzwa kidogo, zinaweza kurundikana mwilini. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku katika chakula mwaka 2022. Marekani na Uingereza hazikufuata hatua hiyo.

Mfano wa chembe zisizotoka ambao kila mtu anaweza kuuona kwa macho ni chale za wino, yaani tatuu. Wino wake una chembe za nano na kubwa zaidi, na kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba tatuu hudumu kwa sababu seli za ngozi zilizoumeza haziondoki. Mwaka 2018 watafiti wa Marseille, Ufaransa, walionyesha kwa panya kwamba seli hizo hufa. Makrofaji ikifa wino humwagika, na makrofaji mpya iliyo karibu huumeza papo hapo, hivyo mchoro hausogei. Kwa mujibu wa watafiti hao, tiba ya kufuta tatuu kwa mionzi ya leza ingekuwa na nguvu zaidi iwapo makrofaji za eneo hilo zingeondolewa kwa muda, ili wino uliovunjwavunjwa upate nafasi ya kuchukuliwa na mishipa ya limfu kabla ya kumezwa upya.